Tuache Kuusingizia Mtandao

Nimepotea hapa kwa wiki kadhaa, mniwie radhi. Kazi zilizidi. Leo nimerudi na hasira kidogo, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, kwa hivyo mkiniona nafoka msidhani najitenga na wakosaji.

Wiki jana nilikuwa ndani ya matatu nikitoka Kitale kurudi nyumbani Bungoma. Pale Kiminini akapanda kijana mmoja tunayefahamiana, naye hula kwa kuandika programu kama mimi. Ameweka mtambo wa kuwasha na kuzima pampu ya maji kwenye shamba la mtu. Pampu ilikuwa imelala siku mbili na nyanya zimenyauka. Nikamwuliza shida ilikuwa nini. Akanijibu kwa neno moja, bila hata kunitazama: "Network."

Nikanyamaza mpaka Kamukuywa. Neno hilo nalijua. Nimelitumia miaka mingi mbele ya wateja, mbele ya wakubwa wa ofisi, hata mbele ya mke wangu nikichelewa kurudi. Ni neno tamu kwa sababu mtandao haujitetei. Hauna wakili, hauna mama wa kuulilia. Ukiutupia lawama unazibeba kimya, na wewe fundi unaenda zako ukiwa msafi.

Basi leo nasema waziwazi. Mtandao kukatika si hitilafu. Ni hali ya kawaida, kama mvua ya alasiri kule Trans Nzoia. Hitilafu ni programu iliyoandikwa kana kwamba mtandao hautakatika. Na hitilafu mbaya kuliko zote ni programu ambayo mtandao ukikatika, yenyewe inaendelea kutuambia kwamba mambo ni sawa.

Kama unabisha, hesabu nami. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na kuna sehemu zilizokaa gizani karibu siku nzima. Tarehe 10 Desemba mwaka huohuo ikapotea tena. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikatambaa kama konokono. Hayo ni yale makubwa yaliyofika magazetini. Sijataja ile stima ya mtaani inayopotea kila upepo ukivuma, mti ulioangukia waya, ruta iliyochomolewa na mtu wa usafi ili apate mahali pa kuchomeka birika, na bandoli iliyoisha Jumapili usiku. Ukiweka mtambo Kitale na seva Bungoma, halafu ukaandika programu inayodhani viwili hivyo vitaongea saa 24 bila kukatizwa, hujaandika programu. Umeandika ombi.

Sasa nieleze dhambi zangu.

Mwaka 2022 kikundi kimoja cha wakulima nje kidogo ya Kitale kiliniita. Walikuwa na kikaushio cha mahindi kilichoundwa na mafundi wa jua kali: feni kubwa, kichomeo cha dizeli, na chumba cha bati chenye sakafu ya matundu. Anayejua Kitale anajua kwa nini wanakihitaji. Mavuno huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba, na mara nyingi mvua haijaaga. Mahindi yanatoka shambani yakiwa na unyevu wa asilimia 20 na zaidi, na ghala zuri linataka yasizidi 13.5. Yakikaa na unyevu yanaota ukungu, na ukungu huleta sumu ya aflatoksini. Hatuzungumzii jambo dogo. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 kule Makueni, Kitui na majirani zao.

Kazi yangu ilikuwa kuweka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi isome joto na iwashe au izime kichomeo. Python naipenda, nikaiandika kwa Python. Seva niliiweka Bungoma, kwenye ofisi ndogo mjini, kwa sababu ndiko ninakokaa na nilitaka kuitazama kila siku. Halafu nikafanya ujinga ambao wakati ule niliuona kuwa ustadi: nikaipa seva uamuzi wote. Kompyuta ya Kitale ilituma joto, seva ya Bungoma ikajibu "washa" au "zima". Ya Kitale ilikuwa mkono tu. Ubongo ulikuwa Bungoma.

Usiku mmoja wa Novemba, saa 5 hivi, stima ikapotea Bungoma. Seva ikazimika na ruta ikazimika. Amri ya mwisho iliyokuwa imefika Kitale ilikuwa "washa".

Hapa ndipo wengi wetu hatuelewi, kwa hivyo niende polepole. Seva ikizimwa kwa utaratibu, inaaga. Inatuma ujumbe kwamba inafunga mazungumzo, na programu ya upande wa pili inajua. Lakini stima ikipotea ghafla hakuna kuaga. Ni kama mtu unayeongea naye kwa simu amezimia: simu haijakatika, na wewe unaendelea kungoja aseme neno. Programu yangu ilikuwa imekaa kwenye `recv()`, ikingoja jibu. Soketi ya Python usipoipangia kikomo cha kungoja, inangoja milele. Mfumo wa Linux una njia ya kuchungulia kama mwenzako yuko hai, lakini mpaka uiwashe mwenyewe, na hata ukiiwasha, kwa kawaida yake hungoja sekunde 7,200 za kimya ndipo ichungulie mara ya kwanza. Hizo ni saa mbili. Kwa saa mbili kichomeo cha dizeli kinaweza kufanya mengi.

Aliyetuokoa ni mzee mlinzi. Saa 7 usiku alisikia harufu ya mahindi yanayoungua, akaenda kwenye swichi kubwa akaikata. Magunia ya juu yalikuwa yamekuwa ya kahawia. Chumba hakikushika moto, na namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo.

Asubuhi nilifika na matatu ya kwanza. Wakulima wamekaa kwenye mabenchi wananingoja. Nikasimama nikasema lile neno. Nikasema ni mtandao, stima ya Bungoma ilipotea, mambo haya yako nje ya uwezo wetu. Vichwa vikatikisika kwa huruma. Ndipo yule mzee, aliyekuwa amesimama nyuma na koti lake la usiku, akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa kijana wangu, kama mtandao ndio ulipotea, kwa nini moto haukuzimika?"

Sikuwa na jibu. Jibu nililo nalo sasa ni hili: moto haukuzimika kwa sababu mimi sikuwaza kamwe ufanye nini nikinyamaziwa.

Mngedhani nilijifunza. Nilijifunza nusu.

Nilirudi nikaandika upya. Safari hii uamuzi wa kuwasha na kuzima niliuweka Kitale kwenyewe, na seva ikabaki kutuma kiwango cha joto kinachotakiwa tu. Mahindi ya kusaga tulikuwa tunayakausha kwa nyuzi 60. Mazungumzo yenyewe niliyahamishia kwenye MQTT kwa maktaba ya paho. Huo ni mfumo mzuri, na historia yake inafundisha: uliundwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kuangalia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti. Walijua tangu siku ya kwanza kwamba laini ni ghali na ni mbovu. Hawakulalamika, waliunda chombo kinachokubali ubovu huo.

Maktaba hiyo hutumia kolibeki. Kwa msiolijua neno hili: kolibeki ni fanksheni unayoiandika halafu hauiiti wewe. Unaikabidhi kwa maktaba na kuiambia, jambo fulani likitokea, iite hii. Ni kama ile mesiji ya "tafadhali nipigie". Umeituma, sasa unaendelea na shughuli zako ukingoja simu ilie. Kuna kolibeki ya kuunganishwa, ya kukatika, na ya ujumbe kufika. Yangu ya ujumbe ilikuwa mistari miwili: geuza ujumbe uwe nambari, weka nambari hiyo iwe lengo jipya la joto. Nikaanzisha `loop_start()`, ambayo hufungua uzi wa pembeni wa kushughulikia mtandao huku programu kuu ikiendelea na joto lake. Kwenye skrini ya Kitale nikaweka neno la kijani: IMEUNGANISHWA. Wakulima walilipenda sana neno hilo.

Desemba, mama mmoja na majirani zake watano walileta magunia manne ya mbegu. Mbegu zao wenyewe, za kupanda na si za kuuza, zisizo chotara, walizozichagua gunzi kwa gunzi. Mbegu ni uhai, haikaushwi kama mahindi ya kusaga. Joto likizidi nyuzi 43 hivi, kiini kinaanza kufa. Mtu wa ofisini alitakiwa kubadilisha lengo kutoka 60 kwenda 40. Alifungua ukurasa, akafuta 60, na kabla hajaandika 40 mkono ukagusa kitufe cha kuhifadhi. Seva ikatuma ujumbe mtupu. Akagundua, akaandika 40, akahifadhi tena. Seva ikatuma 40. Kwa upande wake alikuwa amemaliza kazi vizuri.

Kitale, ule ujumbe mtupu ulifika kwanza. Kolibeki yangu ikajaribu kugeuza utupu kuwa nambari. Python ikapiga kelele, ValueError, kama inavyopaswa. Hakuna aliyeishika kelele hiyo, ikapanda ikaua uzi wote wa mtandao. Na Python ndivyo ilivyo: uzi mmoja ukifa kwa hitilafu, nyingine hazijui. Programu kuu iliendelea kusoma joto, ikaendelea kuwasha na kuzima kichomeo kwa uaminifu mkubwa, kwa lengo la zamani la nyuzi 60. Ujumbe wa 40 ukafika mlangoni mwa nyumba isiyo na mtu. Skrini ikaendelea kusema IMEUNGANISHWA, kwa kijani.

Usiniulize kwa nini hatukuona hitilafu yenyewe. Python iliiandika. Lakini mimi nilikuwa nimeelekeza maandishi yote ya programu kwenye `/dev/null` ili kadi ya kumbukumbu isijae. Mashine ilisema ukweli na mimi ndiye niliyeiziba mdomo.

Safari hii hakukuwa na harufu. Nyuzi 60 haziunguzi kitu. Mbegu zilitoka zikiwa kavu, safi, za kupendeza, tukawakabidhi wenyewe na wakashukuru. Tulijua Aprili, mvua ya masika ilipokuwa imeshanyesha vizuri. Mashimo ya jirani yametoa majani, ya kwao machache tu. Mama yule alinipigia simu. Hakugomba. Alisema, "Mwanangu, nimefukua mashimo kumi. Mbegu iko pale vile niliiweka." Wakalazimika kununua nyingine na kupanda upya wakiwa wamechelewa, na anayelima anajua kuchelewa kupanda maana yake nini kwenye mavuno. Tuliwalipa bei ya mbegu. Mbegu zenyewe, zile walizochagua, hatuna mahali pa kuzinunua.

Hiyo ndiyo kolibeki iliyokufa kimya. Ukiisoma kwenye kitabu ni jambo dogo. Ikifika shambani ni mashimo kumi.

Sasa nigeukie hoja ninazosikia nikisimulia haya, maana nazijua zote.

Hoja ya kwanza: "Si ungeweka tu `except: pass`? Programu isingekufa." Jameni! Hii ndiyo ugonjwa wenyewe uliovaa koti la daktari. Ukiandika hivyo unaiambia mashine, likitokea lolote, nyamaza. Uzi haungekufa, kweli, na ujumbe wa 40 ungefika. Lakini siku kihisi cha joto kitakapokatika waya, utanyamaza vilevile. Siku ujumbe wa "zima" utakapofika umeharibika, utanyamaza. Hitilafu unayoijua ishike kwa jina lake na uandike cha kufanya. Usiyoijua iandike kwenye logi kwa sauti na upeleke mtambo mahali salama. Tim Peters aliwahi kuandika kanuni za Python, andika `import this` uzisome, na humo mna onyo dhidi ya makosa yanayopita kimyakimya. Limekuwa mbele ya macho yetu miaka yote hii.

Na nikuongezee jambo nililoligundua mezani baadaye, likaninyima usingizi. Ujumbe ukifika ukiwa na neno "nan", `float()` hailalamiki. Inakupa nambari isiyo nambari, na ukiilinganisha na chochote, Python inajibu hapana. Joto limezidi lengo? Hapana. Limezidi sasa? Hapana. Kichomeo hakizimiki kamwe, na hakuna hitilafu yoyote iliyotokea. Kwa hivyo kuzuia kufa hakutoshi. Kolibeki lazima ikague inachokabidhiwa:

def ujumbe_umefika(client, userdata, msg):
    try:
        lengo = float(msg.payload.decode())
        if not 20 <= lengo <= 60:
            raise ValueError("lengo halikubaliki")
    except ValueError:
        logging.exception("Ujumbe mbovu: %r", msg.payload)
        foleni.put(None)
        return
    foleni.put(lengo)

Ona kwamba "nan" nayo inanaswa hapo, maana haiko kati ya 20 na 60. Na ona kwamba kolibeki haigusi kichomeo. Inakagua, inaweka kwenye foleni, inaondoka. Ile `None` ni habari pia: inaiambia programu kuu kwamba kuna kitu kibaya kimekuja, jihadhari.

Hoja ya pili: "Weka laini mbili, au Starlink, au hamishia seva kwenye wingu." Starlink ilifika Kenya mwaka 2023 na sina ugomvi nayo. Weka laini tatu ukitaka. Utapunguza mara za kukatika, hutaziondoa. Na ukipeleka seva Ulaya, ujumbe wa kutoka Kitale utashuka Mombasa, upite chini ya bahari, urudi njia hiyohiyo, ili kuamua kama feni iliyo mita moja kutoka kwenye kompyuta iwake. Kuna mtu anaiona hekima hapo? Laini nzuri ni raha, lakini si usalama. Usalama ni kujua utafanya nini laini ikipotea.

Hoja ya tatu: "Python si ya kazi hizi." Hapa nakubali nusu. Kitu kinachoweza kuchoma nyumba kisiachiwe programu peke yake, iwe ya Python au ya lugha yoyote. Siku hizi kikaushio chetu kina kidhibiti cha chuma, kisicho na kompyuta ndani, kinachokata stima ya kichomeo joto likipita kikomo. Kilistahili kuwapo tangu siku ya kwanza. Lakini makosa yote mawili niliyoyasimulia hayakuwa ya lugha. Ningeyaandika kwa C yangeua mbegu zilezile, labda kwa kasi zaidi.

Hoja ya nne: "Mteja halipii mambo hayo." Mteja hajui kuyaomba. Ukijenga nyumba huulizwi kama mlango uwe na bawaba. Mteja anasema "nataka kikaushio kinachojiendesha", na ndani ya neno hilo mna usiku, mvua, stima kupotea na mtu wa ofisini mwenye mkono mzito. Ukimtoza pesa kwa ajili ya mchana wa jua pekee, umemwibia.

Msidhani pia haya ni ya wenye vikaushio tu. Nyinyi mnaounganisha malipo ya M-Pesa kwa Daraja mko kwenye mtumbwi huohuo. Tangu Daraja ilipofunguliwa mwaka 2017, kila kijana mwenye kompyuta ameandika kolibeki ya malipo. Mteja anaweka namba ya siri, na jibu linakuja kwenye anwani uliyotoa: 0 amelipa, 1032 amekataa mwenyewe, 1037 simu yake haikupatikana. Sasa seva YAKO ikiwa imelala wakati jibu linakuja, au kolibeki yako ikifa katikati, nani anaumia? Mtu ambaye pesa imeshatoka kwenye simu yake na mashine yako inamwambia hajalipa. Usikae ukingoja. Jibu lisipokuja, ulizia wewe mwenyewe hali ya malipo. Likija mara mbili, litambue kwa namba yake usije ukahesabu malipo mara mbili. Na ndani ya kolibeki fanya kidogo: andika kilichofika, kiri kupokea, kisha hesabu zako zifanye pembeni.

Haya, nimefoka vya kutosha. Ninayofanya sasa ni haya:

1. Uamuzi unakaa karibu na moto. Kompyuta ya Kitale inajitegemea. Seva ya Bungoma inashauri na kutunza kumbukumbu, basi. Ikipotea wiki nzima, mahindi yanakauka.

2. Kimya kina kikomo. Kila mtambo wangu una saa inayohesabu tangu ujumbe wa mwisho halali. Seva yangu hutuma lengo kila sekunde 10 hata kama halijabadilika. Zikipita 30 bila kitu, programu haijidanganyi kwamba lengo la zamani bado lina baraka: inashuka kwenye joto salama hata kwa mbegu, na kuwasha taa nyekundu. Tumieni `time.monotonic()` kwa hesabu hii, si saa ya ukutani. Raspberry Pi za kabla ya ile ya 5 hazina saa inayodumu stima ikipotea, na mtandao ukirudi muda unaruka ghafla.

3. Kila kungoja kuna mwisho. Soketi ipangiwe kikomo. `requests` nayo ipangiwe, maana yenyewe haina kikomo usipoiwekea.

4. Kurudi kwa adabu. Mkikatika msirudi wote kwa pamoja kila sekunde kama watu wanaogombea matatu ya mwisho. Ngoja sekunde 1, kisha 2, kisha 4, uongeze na bahati nasibu kidogo ili mitambo isigongane mlangoni. Na maombi ya kupokea ujumbe yaandike ndani ya kolibeki ya kuunganishwa, ndipo yarudiwe kila mnapounganishwa upya.

5. Andika wosia. MQTT inakuruhusu kuacha wosia kwa seva: nikipotea bila kuaga, watangazie wengine ujumbe huu. Seva hukata tamaa baada ya muda mmoja na nusu wa kile kipindi mlichokubaliana, yaani kwa sekunde 60 za kawaida, ni 90. Ningekuwa nimeuandika ule wosia, uzi ulipokufa Desemba ofisi ya Bungoma ingejua ndani ya dakika mbili, na mbegu zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kupata joto.

6. Skrini iseme umri, isiseme hali. Nimelifuta lile neno la kijani. Sasa inasomeka: "Ujumbe wa mwisho: sekunde 8 zilizopita. Lengo: 40." Mlinzi asiyejua kompyuta akiona sekunde zimekuwa elfu tatu anajua kuna jambo.

7. Chomoa waya. Mtambo haujakamilika mpaka nimeuchomoa mbele ya wenyewe. Nachomoa ruta. Nakata stima ya seva. Nasimamisha seva kwa `kill -STOP` ili iwe hai lakini bubu, ambao ndio mtihani mgumu kuliko yote. Natuma ujumbe mtupu, natuma "nan", natuma matusi. Nasimama pale na mwenye mali tunatazama moto unafanya nini.

Hakuna hata moja kati ya hayo saba linalohitaji shahada, wala vifaa vya bei. Yote niliyaongeza kwa siku nne. Siku nne hizo ndizo nilizokuwa nimejiwekea akiba nilipoandika programu ya kwanza, na nikamwachia mzee wa zamu ya usiku na mama wa watu wazilipe.

Yule kijana wa pampu tulishuka naye stendi ya Bungoma. Nilimwuliza lile swali la mzee, kwa maneno yake: kama mtandao ulipotea, pampu ilipaswa kufanya nini? Alisimama na begi lake akafikiri. Akasema, "Sikuwahi kuiambia." Basi. Hiyo ndiyo ripoti nzima ya ajali yake, na ya zangu zote mbili.

Jumamosi nitakuwa Kitale kwa kikundi kile, tunaanza matayarisho ya msimu. Ukiwa maeneo hayo na una mtambo wako unaoringa nao, ulete. Tutauchomoa waya pamoja.

Kazi njema.